Jinsi ya Kuchagua Kola ya Umeme ya Kumfunzia Mbwa wa Kuwinda: Mwongozo Kamili

Mbwa akishamwona swala na kutimua mbio, masikio yake ni kama yamezibwa. Unapiga filimbi, unaita jina lake, na kinachokurudia ni mwangwi wa sauti yako. Mbele yake kuna barabara, au mto uliojaa, au malisho yenye mbuzi wa watu. Ni kwa ajili ya dakika hiyo wawindaji wengi hununua kola ya umeme, yaani mkanda wa shingoni unaompa mbwa mguso wa umeme ukibonyeza rimoti, na ni kwa hofu ya dakika hiyo wengi hununua isiyofaa. Wanatafuta yenye nguvu kuliko zote na inayofika mbali kuliko zote.

Nimefunza mbwa wa kuwinda kwa miaka mingi, na ninalokushauri ni kinyume cha hilo. Pima kola kwa upole wake: iangalie inavyoweza kutoa mguso mdogo kabisa, na kama mguso huo unatoka kwa kipimo kilekile kila unapobonyeza. Nguvu kubwa karibu kila kola inayo. Upole ndio unaolipiwa.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria inakuruhusu, na mbwa yuko tayari

Anza na sheria. Wales ilipiga marufuku kola za mshtuko mwaka 2010. Ujerumani, Austria, Uswisi, Denmark, Norway na Sweden nazo zinazikataza. Australia sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, wakati Marekani zinatumika kwa wingi. Uliza mamlaka ya wanyama ya mahali unapoishi na mahali unapokwenda kuwinda, kwa maana si lazima sheria ziwe sawa.

Halafu mwangalie mbwa. Kola humkumbusha mbwa jambo analolijua tayari. Ambaye hajui maana ya "njoo" ataona tu kwamba ameumia na hajui kwa nini. Mfunze kwanza kwa kamba ndefu ya mita 10 hivi, kwa sauti, kwa filimbi na kwa kipande cha nyama. Akifika mahali ambapo ukimwita mara kumi anakuja mara tisa bila kuvutwa, hapo ndipo mazungumzo ya kola yanapoanza. Watengenezaji wengi wanashauri asiwe chini ya miezi 6. Mimi husubiri zaidi, hasa kwa mbwa mwenye woga.

Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Lincoln cha Uingereza kilichapisha utafiti wa mbwa 63. Waliofunzwa kwa kola hawakuwashinda waliofunzwa kwa zawadi peke yake. Nauheshimu utafiti huo, na ndiyo maana nasema wazi: kama kamba na zawadi vinakutosha, usinunue. Mbwa mwenye kifafa, mgonjwa wa moyo au mwenye mimba asivishwe kabisa. Wala usitumie kola kumtibu mbwa mkali, kwa sababu akiumia huku anamtazama mtu au mbwa mwenzake, ataamini huyo ndiye aliyemuumiza.

Hatua ya 2: Elewa kinachotoka kwenye kola

Kola ina sehemu mbili: rimoti unayoishika wewe, na kipokezi anachovaa mbwa shingoni. Kipokezi kina ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi. Ukibonyeza, mapigo mafupi mno ya umeme hupita kati ya ncha hizo mbili. Hayapiti mwili mzima, wala si umeme wa ukutani. Kwa ngazi ya chini, mtu husikia kama mdudu anatambaa kwenye ngozi. Kwa ngazi ya juu, inauma kweli.

Kuna pigo moja, linalotoka na kukatika lenyewe hata ukiendelea kushikilia kitufe. Kuna mpigo wa kuendelea, unaodumu kadiri unavyobonyeza. Kola za kuaminika hukata zenyewe mpigo huo baada ya sekunde kama 8 hadi 12, na isiyo na kinga hiyo usiinunue. Kisha kuna mtetemo na mlio.

Usidhani mtetemo ni mpole kuliko umeme kwa kila mbwa. Nimeona mbwa aliyevumilia pigo la chini bila hata kugeuka, lakini mtetemo ulipoanza akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mlio ndio ninaoupenda zaidi. Ukiufunza kwa chakula, mlio ukitoka tu na nyama inatoka, baada ya wiki chache unakuwa filimbi iliyo shingoni mwake, na upepo hauwezi kuipotosha. Kwa hiyo tafuta kola yenye mlio ulio na kitufe chake peke yake. Katika baadhi ya kola mlio ni onyo linalotangulia umeme kila mara. Hiyo huwezi kuitumia kumwita mbwa kwa furaha.

Hatua ya 3: Chunguza ngazi za chini

Hapa ndipo uwekeze muda wako.

Kola za zamani zilikuwa na ngazi chache, na katika baadhi ilibidi umwite mbwa, umvue, ubadilishe kifaa kwenye kola yenyewe ndipo upate nguvu nyingine. Matokeo yake mwindaji alichagua kali, akaiacha hivyo siku nzima. Jina baya la kola za umeme kwa kiasi kikubwa lilitoka huko. Siku hizi unabadilisha ngazi kwa kidole gumba: Garmin Sport PRO ina ngazi 10, na kola kadhaa za Dogtra zina 127.

Idadi peke yake haikwambii kitu. Swali ni hatua kati ya ngazi na ngazi ina ukubwa gani, hasa chini kule. Kola yenye ngazi 8 inaweza kumwacha mbwa asisikie chochote kwenye 2, kisha apige kelele kwenye 3. Huyo hana ngazi ya kufanyia kazi, kwa sababu aliyokuwa akiihitaji ilikuwa katikati na haipo. Kola yenye hatua ndogondogo inakuruhusu upande taratibu mpaka uone sikio limecheza, usimame hapo.

Jipime mwenyewe kabla ya mbwa. Weka ncha zote mbili kwenye upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiganja, zibane vizuri, anza na ngazi ya mwisho chini. (Kama una kifaa cha moyo mwilini, mwachie mtu mwingine kazi hii.) Panda moja moja. Ukishasikia mguso wa kwanza, baki hapohapo, bonyeza mara kumi. Zote kumi zifanane. Kama ya nne ni laini na ya saba imekuchoma, irudishe dukani. Kola isiyotabirika humfunza mbwa wasiwasi, na wasiwasi ukishaingia kuutoa ni kazi ya miezi.

Kuna rimoti za gurudumu linalozunguka bila vituo na kuna za vitufe vya kupanda na kushuka. Gurudumu ni jepesi kutumia huku umekimbiza macho kwa mbwa, lakini lina hatari moja: mfukoni linaweza kujizungusha lenyewe. Umeiacha kwenye 12, unaitoa ipo 60. Ukichagua la gurudumu, liwe na kufuli, au liwe gumu kiasi cha kuhitaji nia kulizungusha. Na kabla ya kubonyeza, tazama namba. Kila mara.

Hatua ya 4: Umbali, kwa mbwa wako na pori lako

Kwenye boksi utaona mita 400, mita 800 au kilomita 1.6. Namba hizo zimepimwa kwenye uwanja tambarare, ulio wazi, bila kizuizi. Kwenye kichaka kizito chenye majani ya maji, au mbwa akishuka bondeni nawe uko ng'ambo ya kilima, hesabu nusu, na pengine theluthi.

Jiulize mbwa wako hufanya kazi wapi. Spanieli anayefurusha ndege anapaswa kubaki ndani ya umbali wa kufikiwa na risasi, mita 30 au 40 mbele yako. Kola ya mita 400 inamtosha na kubaki. Mbwa wa kuokota bata majini huenda mita 100 na zaidi. Pointa na seta, wale wanaosimama tuli kukuonyesha ndege alipo, husaka harufu kwenye upepo mita mia kadhaa kwenye nyika iliyo wazi, kwa hiyo nunua ya kilomita moja na ushee. Mbwa wa kufuata harufu, hao wa kundi wanaobweka huku wakikimbia, huenda kilomita nyingi, na kwao kola ya kawaida haitoshi. Nitawarudia.

Njia ya kupima ni rahisi. Kola nyingi huja na kitaa kidogo cha majaribio kinachofungwa kwenye ncha, huwaka umeme ukipita. Fungia kipokezi kwenye chupa kubwa iliyojaa maji, kwa sababu maji huzuia mawimbi kama mwili wa mbwa unavyofanya. Mwenzako akae na chupa hiyo, kola ikiwa kimo cha shingo ya mbwa na si juu begani. Wewe tembea ndani ya pori lenyewe utakalowinda, ukibonyeza kila hatua hamsini, naye akupungie mkono kitaa kikiwaka. Mahali anapoacha kukupungia, hapo ndipo umbali wako wa kweli. Rimoti ishike juu, antena wima, mbali na mwili. Ukiibonyeza ikiwa imening'inia kiunoni, wewe mwenyewe ndiwe ukuta.

Hatua ya 5: Maji na betri

Alama ya IPX7 maana yake kifaa kilihimili mita 1 ya maji kwa dakika 30. Kwa mbwa wa majini usikubali chini ya hapo, na uangalie rimoti nayo. Watu husahau kwamba wanaonyeshewa mvua pamoja na mbwa. Mahali pa kuchajia pasipo na kifuniko cha mpira, yaani vipande vya chuma vya nje vinavyogusana na chaja, huharibika kwa shida kuliko tundu lenye kifuniko, kwa maana kifuniko kikichanika tu maji yanaingia. Baada ya maji ya chumvi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi.

Betri za lithiamu huchajiwa kwa saa mbili hivi. Kitu cha kuuliza ni kama betri inabadilishika ikichoka. Isiyobadilishika ikifa, umenunua kola nyingine.

Hatua ya 6: Ncha, mkanda na shingo

Ncha fupi zina milimita 16 hadi 19, ndefu karibu 25. Mwenye manyoya mafupi avae fupi, mwenye manyoya mengi avae ndefu. Nakusihi usimnyoe mbwa shingo. Tenganisha manyoya kwa kidole mpaka ncha ziguse ngozi. Mbwa akionyesha wekundu na muwasho hata kola ikiwa imezimwa, huenda ngozi yake haipatani na nikeli, basi tafuta ncha za titani.

Kola ikae juu shingoni, nyuma tu ya masikio, na kipokezi kiwe pembeni mwa koo, kisikae juu ya koromeo lenyewe. Kidole kimoja kiweze kupita chini ya mkanda kwa kubanwabanwa. Wengi huwaonea huruma wakalegeza, kumbe wanawatesa. Iliyolegea hugusa mara moja na kuachia mara nyingine, mwenye mbwa anaona hakuna kitu, anapandisha ngazi, kisha ncha zinakutana na ngozi kwa ngazi ya 40.

Na kuna vidonda. Mzee mmoja, mwindaji wa siku nyingi, aliwahi kuniletea mbwa wake, akaniambia, "Mwanangu, hii kola imemuunguza." Nikafungua mkanda. Chini yake palikuwa na mashimo mawili ya mviringo, yamelowa, yamekaa sawasawa na ncha mbili. Nikamwuliza, "Mzee wangu, alivaa tangu lini?" Akasema tangu juzi asubuhi, hakumvua hata usiku. Haukuwa umeme. Ncha zikikandamiza ngozi mahali pamoja kwa muda mrefu huzuia damu, na ngozi inakufa. Kwa hiyo usizidishe saa 8 kwa siku, sogeza kipokezi kila baada ya saa moja au mbili, na jioni mvue, mpapase shingo kwa vidole, panguse kwa kitambaa chenye maji. Mkanda wa plastiki laini usionyonya maji ni bora kuliko wa nailoni, ambao hulowa na kuchubua. Mbwa mdogo chini ya kilo 10 mtafutie kipokezi chepesi. Kikubwa humzungukia shingoni na kuning'inia chini.

Hatua ya 7: Rimoti unayoijua kwa giza

Macho yako yatakuwa kwa mbwa. Kwa hiyo vitufe vitofautiane kwa kuguswa: kimoja chenye nundu, kingine kilichozama, mlio mbali na umeme. Funga macho dukani, umwombe mtu akutajie, "mlio," "pigo moja," "mtetemo," nawe ubonyeze. Ukikosea mara mbili, chukua nyingine. Kama huwinda na glavu, jaribu na glavu.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya mbwa wangu mmoja, seta wa kike, mwenye pua ambayo sijaiona tena. Asubuhi moja alikuwa amesimama imara mbele ya kware, mguu mmoja juu, mkia hautikisiki. Nilitaka kumpa mlio kumtuliza, kidole kikaangukia umeme. Aliruka nyuma. Kware wakapaa. Mara iliyofuata aliponusa ndege, aligeuza kichwa na kupita pembeni kana kwamba hakuna kitu. Yeye hakujua habari za rimoti. Alijua kwamba harufu ya kware inauma. Ilinichukua msimu mzima, bila kola, kwa ndege wa kufugwa na sifa nyingi, kumrudishia imani.

Basi shika hili kabla ya kununua chochote: mbwa huunganisha maumivu na kile kilicho puani na machoni mwake wakati huo. Karibu na ndege, usibonyeze umeme kabisa. Akimkimbilia mbuzi au swala, hapo mantiki hiyohiyo inakusaidia.

Ukiwa na mbwa wawili au watatu, kuna rimoti moja inayowaongoza wote, kila mmoja kwa rangi yake. Ni nzuri, mradi swichi ya kuchagua mbwa isiwe ya kujisogeza ovyo. Kumwadhibu asiye na kosa ni rahisi mno. Wanaoanza nawashauri wafunze mmoja mmoja.

Hatua ya 8: Je, unahitaji GPS au kengele ya mlio?

Kwa mbwa wa kundi wanaokwenda mbali, ndiyo. Kuna mifumo inayounganisha kumfuatilia na kumfunza katika rimoti moja yenye ramani, kama ile ya Garmin iitwayo Alpha, inayosomwa umbali wa kilomita 14 hivi mahali pasipo vizuizi, bila kutegemea mtandao wa simu. Angalia masafa ya redio. Kola za aina hiyo zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia karibu megahezi 151 hadi 154, na masafa hayo hayaruhusiwi kila nchi. Ukiagiza kutoka nje, uliza kwanza.

Kwa pointa kwenye majani marefu, kengele ya mlio, yaani kifaa cha shingoni kinacholia tofauti mbwa akisimama, itakuonyesha alipo bila ramani yoyote. Kwa spanieli unayemwona muda wote, vyote viwili ni mzigo tu.

Hatua ya 9: Siku za kwanza

Mvishe kola ikiwa imezimwa kwa wiki mbili, kila mnapotoka. Iwe dalili ya matembezi na furaha. Ukiwasha siku ileile uliyonunua, ataelewa haraka kwamba maumivu yanakuja na mkanda huo, na siku asiyouvaa hatakusikiliza.

Kisha chagua mahali patulivu, bila ndege, bila mbwa wengine. Mwache anuse nyasi. Anza na ngazi ya chini kabisa, bonyeza pigo moja, mtazame. Hakuna kitu? Subiri kidogo, panda moja. Unachotafuta ni kidogo mno: sikio linacheza, anameza mate, anatazama chini kana kwamba sisimizi amempanda, anajikuna shingo. Hapo simama. Hiyo ndiyo ngazi yake ya kazi. Akilia, akijikunyata au akikimbilia kwako, umepita, rudi chini upesi na uache kwa siku hiyo.

Kesho yake mfunge kamba ndefu. Sema "njoo," bonyeza kwa wepesi kwenye ngazi hiyo, vuta kamba taratibu, na mara tu anapogeuka kuelekea kwako, achia kitufe. Asifike kwanza. Achia palepale anapogeuka. Akifika, nyama na sifa. Dakika kumi zinatosha, kisha mvue, mcheze.

Akiwa amepandwa na moto wa windo hataisikia ngazi ile ya nyumbani, na utahitaji kupanda kidogo. Andika namba mbili kwenye kipande cha plasta, ya utulivu na ya porini, uibandike nyuma ya rimoti mahali unapoiona. Zipime upya kila msimu unapoanza, na kila anapobadilisha manyoya.